Upande wa Ukuta

Ku masomo ya bamasere, batawa benye kutufundisha, kila meza ilikuwa na kitabu kimoya tu. Bale ba upande wa dirisha bakakifungua mbele yao, sawa vile inafaa. Shiye ba upande wa ukuta, ngambo ya meza, tulikiona kichwa chini. Nani angelalamika? Masere anapitisha kafimbo pa kila silabi, shiye tunaimba: ba, be, bi, bo, bu. Mwaka muzima nilikaa ukutani, na kusoma nilijua, tena muzuri kabisa!

Halafu examen ikafika, mutihani wa mwisho wa mwaka. Baba alitumika ku fonderi, kule banayeyusha shaba, na alikuwa amesema mbele ya bote: "Ukianguka, utarudi Kilwa ku ziwa, kwa nkambo yako, mama yangu, utaanika samaki. Masomo ni ya bantu ba akili." Yeye huyo, asiyejua herufi hata moya! Nkambo nilimupenda, lakini samaki, aka, hapana.

Masere mukubwa akaniita mbele, akanipa kitabu. Nikafungua. Mama yangu we! Maandiko gani haya? Kitabu kilikuwa kile kile, doa ya mafuta pa jalada nililijua, lakini ndani sikutambua kitu. Nikafunua ukurasa wa pili, sawa tu. Masere mukubwa akachukua kalamu ili aandike kama nimeanguka. Nikaona Kilwa, nikaona samaki.

Nikageuza kitabu.

Nikasoma kichwa chini, mbio, bila kupumua. Akanionyesha ukurasa mwingine, nikausoma pia. Kelasi yote ikacheka, na benzangu ba ukuta bakacheka zaidi, sababu balijua nao bamepona. Masere mukubwa akaondoa miwani, akapangusa macho. "Inatosha, mutoto, umeshinda. Masomo inafunga kwa vacances; beba hiki kitabu nyumbani, ujifunze kukisoma sawa bengine." Oh, furaha gani! Nikakikumbatia kitabu.

Baba aliposikia, Kilwa hakuitaja tena. Akanawa mikono, akakaa ngambo ya meza. "Soma nione."

Nikaweka kitabu kichwa chini, vile nilizoea, nikasoma nikipitisha kidole. Macho yake ikafuata kidole. Halafu, kwa sauti ndogo, kabla yangu: "Ba." Nikasogeza kidole tu. Akaendelea yeye mwenyewe: "Be. Bi." Kwa upande wake, kitabu kilikuwa sawa.

Vacances ilipoisha, ku masomo nilihamia upande wa dirisha. Nyumbani nilikataa kuhama.