Siku Mama Alipotuvuta Kutoka Ziwani

Harufu ya mpira uliokaa juani, ikichanganyika na gundi ya kuzibia pancha, hunitia kichefuchefu mpaka leo. Juzi nilikuwa kwa fundi matairi hapa Bagara, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa ananivuta sketi, tunasubiri pikipiki ya baba yao izibwe. Fundi akaanza kukwangua tyubu kwa msasa. Nikafumba macho. Sikufumba kwa usingizi, ingawa usingizi ninao tangu nilipojifungua huyu wa pili. Nilikuwa nimerudi ziwani, nina miaka tisa, mapaja yanaungua juu ya tyubu nyeusi ya trekta, baba anacheka kwenye mtumbwi, na mama amesimama kwenye matope ameshika kamba.

Niseme mapema, msije mkanihurumia bure. Siku ile nilitakiwa kuchagua kati ya baba na mama, na nilichagua vibaya. Kwetu kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho. Mimi nimechoka kucheka.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alikuja nyumbani kama sikukuu inavyokuja, kwa kelele na nyama, halafu akaondoka. Mama alikuwepo kila siku kama ugali, na ni nani aliyewahi kuupigia ugali makofi? Yeye ndiye aliyetuamsha, aliyetusugua visigino kwa jiwe, aliyetuchapa. Baba alituletea biskuti. Ukimuuliza mtoto wa miaka tisa anampenda nani zaidi, hesabu imeshapigwa.

Jumamosi hiyo baba alirudi na tyubu ya gurudumu la nyuma la trekta, kubwa hivi kwamba haikupita mlangoni ilipojazwa upepo. Ililala uani, mdogo wangu Elia akalala katikati yake kama yai. Baba akatangaza kwamba kesho hatuendi kanisani, tunakwenda ziwani kutembea. Familia nzima. Tutapanda mtumbwi, na mtumbwi utatuvuta sisi watoto juu ya tyubu kama alivyowaona watoto wa watalii wakivutwa huko alikopita. Mama akauliza, "Na chakula?" Baba akasema, "Tutabeba."

Hiyo "tutabeba" nimeielewa baada ya kuolewa. Maana yake ni kwamba mama aliamka kabla ya jogoo akakanda chapati, akachemsha kuku, akakaanga, akapika wali, akajaza hotipoti mbili na dumu la juisi ya ukwaju, akatuogesha, akampigia baba shati pasi. Shangazi Rehema, dada yake baba, alikuja kutoka Nangara akiwa amebeba miwani yake ya jua. Tulipotoka nyumbani baba aliviringisha tyubu barabarani, watoto wa mtaa mzima wakimkimbilia, na shangazi akipiga vigelegele. Mama alikuwa nyuma kabisa, hotipoti moja kichwani, nyingine mkononi. Sikugeuka kumwangalia. Kwa nini nigeuke? Tyubu ilikuwa mbele.

Ziwa letu lina viboko. Kwa mtu wa Babati hilo si jambo la kusimulia, ni kama kusema barabara ina magari. Lakini kuna namna ya kuishi nao. Mama alizaliwa upande wa pili wa ziwa, baba yake alikuwa mvuvi, na kwao mtu hasukumi mtumbwi mpaka agonge ubavu wake kwa kasia, goo, goo, goo, kisha anyamaze. Viboko wakisikia huinua vichwa kutazama ni nani anayewasumbua. Hapo unawahesabu. Unajua sehemu yako ina wangapi, kwa sababu umewaulizia kwa aliyetoka majini kabla yako. Wakitimia, unakwenda kwa kuwakwepa. Asipotimia mmoja, unakaa chini, unavuta sigara yako, unasubiri, hata kama ni nusu ya siku. Yule usiyemwona ndiye mwenye njia.

Baba hakuzaliwa hapa. Alijua kugonga, maana kila mtu amewaona wavuvi wakigonga. Kusubiri hakukujua.

Mwenye mtumbwi aliitwa Baba Paskali, mtu wa makamo, mcheshi, pengo la meno mawili mbele. Mama alipofika, kabla hata hajatua hotipoti, alimwuliza, "Leo wako wangapi hapa?"

"Watano, Mama Neema. Wako pale kwenye matete, wamelala kama wameshiba pilau yako."

Baba akagonga. Vichwa vikainuka, masikio yakatikisika, mama akahesabu kwa kidole mpaka watano. Ndipo akatoa kwenye kikapu chake kitu ambacho hatukujua amekibeba, kamba mbili za ng'ombe zilizoungwa. Baba alishafunga kamba yake kwenye tyubu, mwisho wake ataushika mwenyewe mtumbwini. Mama akafunga ya kwake upande wa pili, na mwisho wake akabaki nao ufukweni.

"Mama Neema," baba akasema kwa sauti ili vijana waliokuwa wakiosha pikipiki wasikie, "unafunga watoto au unafunga ndama?"

Vijana wakacheka. Shangazi akashusha miwani. "Wifi, si ungetufunga na sisi tusipotee!"

Mama alijizungushia kamba kiunoni mara moja, juu ya kitenge, akasimama.

Wenzangu, sitasema uongo, ilikuwa raha. Baba Paskali alipiga kasia, baba amekaa nyuma ya mtumbwi ameshika kamba yetu kwa mikono miwili, na tyubu ikaanza kuteleza. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, baridi miguuni na moto juani. Mpira ulituunguza mapaja mpaka tuumwagie maji kwa viganja. Kile chuma cha kujazia upepo kilinichoma ubavuni kila tyubu ilipozunguka, wala sikujali. Elia alikuwa amenishika shingo, anapiga kelele moja tu, "Tena! Tena!" Tulikwenda na kurudi sambamba na ufuko mara tatu au nne, na kila mara kamba ya mama ilipokaza tulisimama kwa kishindo, baba akageuka na kutikisa kichwa kwa ajili ya watazamaji.

Tukaja kula. Baba alikula mapaja ya kuku, shangazi akala mapaja yaliyobaki. Mama aligawa, akamfuta Elia kamasi, akafukuza nzi. Sikumbuki kama alikula. Nimejaribu sana kukumbuka.

Baada ya chakula baba alitaka kwenda mbali, kule maji yanakoanza kuwa meusi. Aligonga ubavu wa mtumbwi mara tatu kwa mbwembwe, kama mtu anayebisha hodi kwa shemeji, na kabla hata mlio haujaisha akamwambia Baba Paskali asukume. Tulipofika pale kamba ya mama inapokaza, tukasimama. Baba akanitazama. Ninaliona jicho lake mpaka sasa, lilikuwa linacheka.

"Neema. Fungua hiyo kamba ya mama yako."

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa mbali, mdogo, maji yamemfika magotini, mkono mmoja juu ya nyusi. Alikuwa anahesabu. Kisha akapiga kelele, na sauti ikatufikia vipande vipande juu ya maji.

"Wako wanne! Baba Neema! Wako wanne!"

"Wa tano kaenda kanisani!" baba akajibu. Ufuko mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. "Fungua, mwanangu. Au na wewe ni mwoga?"

Nikaanza kufungua. Hilo ndilo nililolifanya. Nilikuwa mtoto, sawa, lakini nilijua kabisa kamba ile ni ya nani na ninamfungua nani. Fundo lilikuwa limelowa, gumu, nikaling'ata kwa meno. Lilikuwa na ladha ya zizi. Lilianza kulegea.

Mama hakupiga kelele tena. Aligeuka akaipitisha kamba begani, akaanza kutembea kuelekea nchi kavu, ameinama mbele kama ng'ombe wa plau. Tyubu iliruka. Baba, badala ya kuachia upande wake, aliung'ang'ania, maana wanaume walikuwa wanatazama. Kwa muda mfupi tulivutwa huku na huku, mimi nikiwa na fundo mdomoni na Elia akinikaba koo. Kisha mtumbwi ukalala ubavu na baba akaenda majini kichwa kwanza, na shati lake lililopigwa pasi.

Vijana wa pikipiki walilala chini kwa kucheka. Maji pale yalikuwa yanamfika baba kifuani tu. Alisimama, kofia inaelea pembeni yake. Sisi tulikuja kwa kasi, tukapitia kwenye matete yakatuchana mikono, na mama, asiyejua kuogelea, akarudi majini mpaka makwapani kutupokea. Alimshika Elia kwa nguo na mimi kwa nywele, akatutupa matopeni. Elia akaanza kulia. Mimi nikasimama, nikamwambia mama mbele ya watu wote, "Umeharibu! Bora ungebaki nyumbani!"

Alinitazama. Hakunichapa, na mama alikuwa mwepesi wa kuchapa. Alikamua kitenge, akatazama ziwa.

Na kiboko wa tano? Alionekana baadaye kidogo, mbali kabisa upande wa pili, amelala kwenye majani nchi kavu, mgongo umekauka. Hakuwa karibu nasi hata kidogo. Shangazi ndiye aliyemwona.

"Huyo hapo mtu wako, wifi. Anakusalimia."

Basi ikawa imeisha hivyo. Mama alikosea, baba alilowa, sherehe ikavunjika. Jumatatu yake baba aliondoka na lori, safari hiyo akakawia kuliko zote, na mimi nikajua ni kwa sababu ya nani. Nilimnunia mama mpaka shule zilipofungwa. Shangazi akamwita Mama Kiboko, jina likashika mtaani.

Miaka ikapita. Nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa. Mwaka jana nilikuwa nanunua kambale sokoni, na aliyeniuzia alikuwa Baba Paskali, meno yamezidi kupungua. Akanijua. Tukacheka kidogo kuhusu tyubu. Kisha akafunga samaki wangu taratibu na kusema, bila kunitazama, "Unajua na mimi nilihesabu wanne?"

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Baba yako alikuwa amefurahi sana. Ningesemaje?"

Nilibeba kambale wangu nikaondoka, nisije nikamtukana mtu mzima. Yaani alijua. Mwanamume aliyelelewa na ziwa lile alijua kwamba mmoja hajaonekana, na watoto wawili wanaelea nyuma yake, akaona aibu kuharibu raha. Mama peke yake ndiye aliyekubali kuiharibu. Kwamba kiboko alikuwa amelala majanini, hilo lilijulikana baadaye. Wakati anavuta kamba hakuna aliyejua. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna wa kumshukuru. Tungeng'atwa mguu mmoja tu, angeitwa shujaa.

Pasaka iliyopita baba aliwasimulia wanangu tena. Sasa amestaafu, ana kitambi na muda. "Bibi yenu alinivua kama kambale!" Watu wakacheka mpaka machozi, Elia akiongoza, yeye ambaye alilia kuliko wote. Mama naye alicheka, huku anapakua. Nikatoka nje nikasimama kwenye kibaraza nikiwa na hasira. Alipokuja kumwaga maji nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwa ninaifungua ile kamba. Kwa meno."

"Nilikuona," akasema. Akakung'uta beseni, akarudi ndani kwa wageni.

Alikuwa ameniona. Miaka yote.

Kuna kipande cha siku ile ambacho hawakisimulii, kwa sababu hakichekeshi. Ni safari ya kurudi nyumbani. Ilikuwa saa watu wanatoka ibada ya mchana, barabara imejaa nguo safi. Baba alitembea mbele na shangazi, haraka. Mimi nilimshika Elia mkono tukawafuata hatua kama ishirini nyuma yao. Mama alikuwa nyuma yetu, kitenge kimemganda mwilini, matope mpaka kifuani, hotipoti kichwani na tyubu iliyotolewa upepo begani. Watu walimwuliza, "Mama Neema, kulikoni?" naye akawaitikia salamu tu. Niliwaona wasichana wawili wa darasa letu wakija. Nikaongeza mwendo, nikamvuta Elia, ili wasijue yule ni wetu. Kila nilipogeuka kuangalia kama tumemwacha, alikuwa umbali uleule. Nikadhani anaona aibu kutembea na sisi.

Juzi pale kwa fundi, pikipiki ilipokwisha, baba yao aliipanda akaenda zake, sisi tukarudi kwa miguu. Mkubwa wangu alikuwa amenuna kwa sababu nimemkatalia jambo, akatangulia mbele, hataki nimshike. Mdogo mgongoni mzito, jua kali, miguu imevimba, malori yanapita. Ningeweza kumwita arudi. Ningeweza kumfikia kwa hatua tano. Nikamwacha anune, nikabaki palepale nyuma yake, kwa sababu mtoto akiwa mbele yako unamwona mwili mzima, na barabara yote iliyo mbele yake.