Nyumba Sita Nilizozikwangua

Ijumaa moja mchana Mkuu wa Idara ya Mipango Miji aliniagiza nizikwangue nyumba sita kwenye ramani ya mtaa mpya, nami nikazikwangua. Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya shemeji yangu. Ningekataa, labda ningekaripiwa, labda ningehamishiwa masjala nikapange mafaili. Sikukataa. Nawaandikia ninyi mnaochora kwa kompyuta ili mjue kazi yetu ilivyokuwa, na mjue pia kwamba ramani ile ilishinda tuzo ya taifa ya usanifu bora wa miji. Sehemu kubwa ya ushindi ule tuliistahili, na mpaka leo naona fahari nikiukumbuka.

Niliingia ofisini Dodoma nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Chumba cha wachoraji kilikuwa kirefu, chenye meza zilizoinama na madirisha upande mmoja. Mchoraji Mkuu, mzee wa Kondoa ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alinipa kalamu ya wino akaniagiza nichore mistari mia moja iliyonyooka. Nilimpelekea adhuhuri.

"Hii ni mistari au njia za mbuzi?" aliuliza.

"Ni mistari, mzee."

"Mbuzi wangekushukuru. Anza upya."

Nilianza upya kwa wiki tatu. Tulichora kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, tuliyoiita tresing. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani mama. Nakala zote zilitolewa humo kwa mashine ya amonia, ambayo ilitutoa machozi kama msiba. Ukikosea hufuti kwa raba. Unaukwangua wino kwa wembe, polepole, kisha unapasugua mahali pale kwa ukucha hadi palainike, la sivyo wino mpya unasambaa. Mchoraji mzuri alijulikana kwa kukwangua. Mimi nilikuwa mzuri sana.

Baadaye nilipelekwa kwenye kikosi cha upimaji, kwanza Hombolo, halafu Kizota tulikopima viwanja vya karakana. Huko ndiko nilikokutana na Salimu, mshika mnyororo. Kazi yake ilikuwa kuburuta mnyororo wa chuma wa kupimia umbali, kupita miiba na makorongo, huku mpimaji akimpigia kelele kutoka kivulini. Salimu alikuwa na mdomo.

"Bwana mpimaji," alisema siku moja, "huu mnyororo ungekuwa na akili ungekufunga wewe."

Nilimpenda kwa maneno hayo, na baada ya mwaka nikamwoa dada yake, Zaina. Salimu alikuwa amejenga pembeni ya mji, nyumba ya tope yenye paa la udongo, akiishi humo na mkewe, watoto na mama yake. Nyumba nyingine tano zilikuwa jirani, za watu waliofika kabla ya ofisi yetu kuwa na hata meza.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yalijaa sabuni na vitenge, kampuni binafsi za usanifu zikafunguliwa Dar es Salaam, na serikali ikatangaza tuzo kwa mji utakaopanga mtaa bora. Mkuu wa Idara, mtu mrefu aliyesomea ng'ambo na asiyewahi kupandisha sauti, alituita sote.

"Wanasema sisi ni watu wa vumbi," alisema. "Tuwapelekee vumbi lililopangwa."

Tuliupanga mtaa ule kwa miezi saba, na sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nilikaa siku nyingi kando ya kisima nikitazama kinamama wanapita wapi na ndoo, kisha nikachora njia za miguu palepale, mbali na barabara ya magari. Mifereji tuliifuatisha korongo, ili mvua za Desemba zipite bila kuingia chumbani kwa mtu. Shule iliwekwa mahali ambapo mtoto angefika bila kuvuka barabara kubwa. Zile nyumba sita zilikuwa katikati, na tulizizungushia njia. Nilimwonyesha Salimu ramani. Aliitafuta nyumba yake kwa kidole, akaipata, akacheka.

"Kumbe nami ni mtu wa mjini, shemeji."

Siku tatu kabla ya kuituma, Mkuu aliinama mezani kwangu, akaiangalia ramani kwa muda mrefu.

"Iddi, hivi vibanda vinachafua picha. Viondoe."

"Mkuu, vina watu."

"Najua vina watu. Tunawatumia majaji mchoro, hatuwatumii watu. Tukishatuma, utavirudisha."

"Basi nichore karatasi nyingine."

"Kwa siku tatu? Kwangua hapohapo. Mkono wako haushindwi na wa mtu yeyote nchini."

Sifa ile ndiyo iliyonimaliza. Nilichukua wembe. Kufikia saa kumi alasiri pale katikati palikuwa peupe, pamelainika hivi kwamba Mchoraji Mkuu mwenyewe alipitisha kidole asione kitu. Mkuu aliniambia niandike hapo: uwanja wa wote.

Dar es Salaam tulikaa ukumbini tukiwa na mashati ya mikono mirefu yaliyolowa jasho. Msanifu mmoja wa kampuni binafsi alituuliza kwa sauti, "Dodoma mmekuja kupanga nini, zabibu zenu?" Watu wakacheka. Kisha mwenyekiti wa majaji akasimama. Alizisifu njia za miguu. Akaisifu mifereji. Akasema kilichowashinda wote ni ule uwanja wa wazi katikati ya mtaa, kwamba hakuna mji mwingine uliothubutu kuwaachia wananchi nafasi kubwa hivyo. Akatutaja washindi. Mkuu, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alinikumbatia mbele ya mawaziri. Yule wa zabibu alikuja kutupa mkono. Tulirudi kwa treni, na stesheni ya Dodoma tulipokewa kwa ngoma na vigelegele. Zaina alinivisha shada. Salimu alinibeba mabegani.

Mwezi uliofuata nilifanywa Mchoraji Mkuu, maana mzee wa Kondoa alikuwa amestaafu. Nilikwenda kwa Mkuu kuomba ruhusa ya kurudisha zile nyumba.

"Ramani iliyopewa tuzo na taifa haiguswi," alisema kwa upole. "Tumeagizwa tujenge kama ilivyochorwa. Huo uwanja ndio uliotupa tuzo."

Nilikuwa na nakala ya zamani kabatini yenye nyumba zote sita. Ningeipeleka mkoani, ningeipeleka kwa majaji. Nilifunga kabati. Salimu sikumwambia neno.

Kazi ya kuweka vigingi ilipoanza, mnyororo aliushika Salimu, kama kawaida. Aliuburuta kutoka barabarani hadi uani kwake, ukapita kando ya jiko la mama yake. Hapo alisimama, akaja mpaka nilipokuwa, akaomba ramani. Aliitafuta nyumba yake kwa kidole.

"Shemeji, mimi niko wapi hapa?"

Nilimwambia yalikuwa maagizo.

"Sikukuuliza maagizo. Nani alichora?"

"Mimi."

Aliuweka mnyororo chini, akaukunja vizuri kama alivyofundishwa, akaondoka. Waliobomolewa walipewa viwanja mbali. Yeye hakuchukua. Alihamia Haneti kulima, na mama yake juu ya mkokoteni.

Nimestaafu. Mtaa ule bado unasifiwa, na wanafunzi wa mipango miji huletwa kuuona. Maji ya mvua yanapita tulipoyaelekeza, watoto wanakwenda shule kwa njia zangu, na jioni uwanja unajaa watu. Nikipita hapo moyo hufurahi, siwezi kudanganya.

Lakini Salimu hakuingia tena nyumbani kwangu. Mama yake alipofariki, nilikwenda Haneti na wenzangu wa ofisini. Nilizuiwa kushika jeneza na kutupa udongo. Salimu naye alipofariki, sikuambiwa mpaka alipokwisha kuzikwa. Watoto wangu hawawajui watoto wa mjomba wao. Zaina huenda kwao peke yake kila Idi, na mimi hubaki hapa nikimngoja.