Laptopu ya Kuwapita wa Mbale

Mwanangu, asubuhi ile ya Jinja haijanitoka kichwani, asubuhi mume wangu alipoingia na buti zake za magereza, akasimama katikati ya chumba kama anakagua wafungwa, akasema, "Mashine iko moja."

Nilikuwa msichana bado, ndoa yangu mbichi. Mume wangu alikuwa afande wa magereza, na alikuwa na wake wawili, kila mmoja na mji wake. Mimi Jinja, mke mwenzangu Khainza huko Mbale. Khainza ndiye mkubwa, aliolewa kabla yangu, na mtu asikudanganye kwamba hilo halichomi. Linachoma. Mpaka leo nikisikia jina lake, nageuza uso.

Mume alikuwa ametuahidi cherehani, kila mtu yake, kwa sababu sote wawili tulijua kushona. Lakini dukani ilibaki moja tu, ya kuzungusha kwa mkono. Mwenye duka alisema mzigo unaofuata utaleta za miguu, zile za kukanyaga, zenye meza yake. Basi mume akaniambia, "Wewe uko karibu na duka, chagua. Chukua hii leo, mwenzako angoje ile. Au yeye achukue hii, wewe ungoje."

Ungechagua nini? Usijifanye mtakatifu. Mimi nilimwona Khainza kichwani mwangu, amekaa kwenye meza yake, mguu unakwenda, mashine inaimba, na mimi Jinja nazungusha mkono kama mtu anayesaga mahindi. Nikasema haraka, "Mpelekee yeye hii. Mimi nitangoja."

Mume akatabasamu. "Una roho nzuri." Roho nzuri! Nikainamisha kichwa, nikaiacha sifa hiyo ikae juu yangu.

Mashine ikaenda Mbale. Mimi nikakaa. Wanawake wa kambi ya magereza walikuja na vitambaa vya gomesi, lile vazi letu refu la mabega yaliyochongoka, na vya sare za watoto wa shule, nikawaambia, "Bado kidogo, yangu inakuja, ni ya miguu." Mwanzoni walisubiri. Halafu kitambaa kimoja kikaenda kwa fundi wa sokoni, na vingine vikakifuata. Niliwatazama wakipita mlangoni kwangu bila kusimama, nikajiambia, "Waende tu. Mashine ikija, watarudi mbio."

Na ilikuja. Usidhani nitakuambia haikuja. Ilikuja nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, nikaisugua mpaka ungeweza kujiona uso. Khainza alipokuja Jinja kututembelea, nilimketisha mbele yake kabisa, nikaondoa kitambaa polepole kama ninamfunua bibi harusi. Nilitaka kuliona jicho lake. Akainama, akagusa gurudumu, akasema, "Nzuri sana, mdogo wangu." Kisha akasema hawezi kulala kwetu siku nyingi, kuna shule huko Mbale inamngoja amalize sare.

Hakuona wivu, mwanangu! Hilo ndilo lililoniua. Angenitukana ningemsamehe.

Nikamwita Hajati, mama wa Kinubi aliyenifundisha kushika mkasi, nikidhani yeye atanipa sifa niliyonyimwa. Hajati aliizunguka mashine kama mtu anayenunua mbuzi.

"Nguo iko wapi?" akauliza.

"Nguo gani, Hajati?"

"Uliyoshona."

"Bado. Wateja wameenda kwa wengine kidogo."

Akavuta kiti changu, akakaa bila kukaribishwa. "Wewe binti, unataka kushona au unataka kutazamwa?"

Nilimjibu kweli, kwa sababu Hajati hadanganywi. "Vyote viwili."

Akacheka mpaka shuka likamtoka begani. "Angalau husemi uongo. Sasa nisikilize. Mwenzako alichukua kazi, wewe ukachukua kungoja. Mashine yako inaishinda yake, na mkono wake unaushinda wako. Toka nje ukatafute watu."

Nilitoka. Nilizunguka kambi, nikafika mpaka Masese, kando ya ziwa, kuwashonea wake za wavuvi, na watu walirudi mmoja mmoja, wengine wananicheka. Khainza sikumfikia kamwe. Haya, nimeshasema.

Nisingekusumbua na habari za cherehani, ila mwaka huu nimeziona tena, safari hii zina kioo na zinafunguka kama kitabu.

Mutesi, mtoto wa binti yangu, ana duka la kuchapa pale Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kando ya barabara ya kwenda Iganga. Anawaandikia watu barua, mitihani ya shule, programu za harusi na za mazishi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini msichana huyu anaandika bila kuangalia vidole. Nikipita na wenzangu wa kanisani, nasimama pale makusudi, nawaambia miguu imechoka, ili wamwone.

Laptopu yake ni kuukuu. Betri imekufa, inaishi kwa waya tu. Umeme ukienda, nayo inakwenda.

Krismasi iliyopita ukoo wote ulikutana Busiu, upande wa Mbale, nyumbani kwa marehemu mume wetu. Wafula, mjukuu wa Khainza, naye ana duka la kuchapa, huko Mbale mjini. Tulipomaliza kula akatoa laptopu mpya kwenye mkoba. Akaifungua, akaikunja mpaka nyuma kama chapati, watoto wakapiga makofi.

"Jajja, hii haina haja ya waya," akaniambia mimi bibi yake, na sikuwa nimemuuliza. "Asubuhi mpaka jioni."

Khainza alikuwa karibu yangu. Meno yamemwisha lakini ulimi upo. "Mdogo wangu, umemwona mtoto wetu?"

Wetu! Nikaomba maji.

Tukiwa njiani kurudi Jinja, Mutesi aliniegemea begani. Halafu akasema, "Jajja, pesa ya laptopu nimeshaiweka, lakini sinunui sasa. Ile ya Wafula ni ya mwaka jana. Zinazokuja zina akili ndani, mashine yenyewe inakusaidia kuandika, na ni nyepesi kama daftari. Nikinunua leo, nitakuwa sawa naye. Nikingoja, nitampita."

Na mimi, mwanamke mwenye mvi, nikamwambia, "Ngoja, mwanangu. Umpite."

Akangoja. Kila jioni akawa anasoma kwenye simu kwamba ile anayoitaka inakaribia, na kwamba nyuma yake kuna nyingine nzuri kuliko hiyo. Kila mara akawa anasogeza mbele siku ya kununua.

Siku moja nilikuwa kwenye benchi la duka lake, nabambua karanga. Wakaja watu wa msiba, wanataka programu ya mazishi, na mazishi ni mchana uleule. Mutesi akaandika yote, jina la marehemu, majina ya watoto, nyimbo, nani atasoma na nani ataomba. Akiwa anamalizia, umeme ukaondoka. Kioo kikawa cheusi. Hakuwa amehifadhi hata mstari.

Binti wa marehemu alikuwa na macho mekundu. "Dada, imeenda?"

"Umeme ukirudi, nitaandika upya."

"Baba hangoji umeme," yule binti akasema, bila hasira, na wakavuka barabara kwa kijana mwingine mwenye duka kama lake.

Mutesi akafunga laptopu. "Waende tu, Jajja. Ile mpya ikija, watarudi."

Mwanangu, karanga zilinimwagika. Yalikuwa maneno yangu, yaleyale, na hata mama yake hakuwa amezaliwa nilipoyasema.

Nikamhadithia habari ya cherehani, kama nilivyokuhadithia wewe. Nikamuuliza swali la Hajati: "Unataka kuchapa au unataka kutazamwa?"

Akanikazia macho. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia ningoje."

"Nilisema. Leo nasema lingine. Mdomo ni wangu."

Akacheka, kisha akaanza kuchezea waya. "Kuna moja naweza kuipata wiki hii. Jajja, usikasirike. Wafula anauza yake. Naye amesikia za mwaka ujao, anataka kubadili. Alinipigia."

Nilihisi kama nimeambiwa nivae gomesi aliyoivua Khainza, bado ina joto la mwili wake.

"Jinja mjini hakuna maduka?" nikauliza.

"Yapo. Lakini wakati nangoja nimeila sehemu ya pesa, iliyobaki inafika kwenye zilizotumika tu, zenye betri iliyokufa kama hii yangu. Ya Wafula naijua, betri yake nzima."

"Wafula atasema ametusaidia."

"Atasema."

"Na Khainza atawaambia watu wa kanisa lake kwamba watoto wa Jinja wanavaa vilivyovuliwa Mbale!"

"Atawaambia, Jajja," Mutesi akasema. "Na mimi nitakuwa nachapa."

Nikaokota karanga. Mwisho nikamwambia, "Basi nenda. Lakini ulipe yote mkononi, mbele ya bibi yake, asije akaiita zawadi."

Akaenda Mbale, akarudi nayo. Siku umeme ulipokatika tena, barabara nzima ya Bugembe ilinyamaza, lakini kioo cha mjukuu wangu kiliwaka, na mtihani wa watoto wa darasa la saba uliendelea kuandikwa. Nilipiga kigelegele mpaka mtu wa bodaboda akageuka, akadhani kuna harusi.

Wafula sasa anangoja. Nasikia anawaambia wateja wake, "Bado kidogo." Namhurumia? Kidogo. Na kidogo nafurahi, hilo usimwambie mtu. Khainza alinipigia simu kuuliza, "Mdogo wangu, mashine yetu inafanya kazi huko?" Nikamwambia inafanya, dada yangu, ahsante. Hiyo ahsante ilinitoka kama jino.

Sasa nisikilize, mwanangu, uliye na duka, uliye ofisini, uliye na simu mkononi ukitazama mashine za mwaka ujao. Kabla hujabadili, na kabla hujasema utangoja, jiulize ni nani analia. Kama kazi ndiyo inalia, mteja anaondoka, maandishi yanapotea, nunua leo kilichopo kinachoweza kuifanya kazi hiyo, hata kama kimetoka kwenye nyumba usiyoipenda. Kama kazi inakwenda vizuri na ni moyo tu unaolia kwa sababu umeona cha jirani, uache moyo ulie mpaka uchoke, na chako cha zamani kiendelee kukulisha. Kipya kitakuja, na nyuma yake kipya kingine, wanaovitengeneza hawalali. Usipime mashine kwa ile ya binamu yako. Ipime kwa mtu aliyesimama mbele ya meza yako leo, ana haraka, ana machozi.

Sikuambii uache wivu. Mimi nimelala nao tangu nilipoolewa, na nitazikwa nao. Nakuambia usiutume dukani kukununulia, kwa sababu utakuchagulia kitu cha kumwonyesha mtu, na huyo mtu labda hata hatazami.

Mungu akupe vidole visivyochoka na umeme usiokatika ovyo. Akupe watu wanaoingia kwako na haja na kutoka wamekunjua uso. Akulinde barabarani, akuzeeshe ukiwa na akili zako. Aibariki nyumba ya Jinja, na aibariki na nyumba ya Mbale, watoto wake wote.

Lakini aanze na Jinja.