Moto wa Kwanza Aliuwasha Mwingine

Mnifichie jina, Rumonge tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, nilizaliwa mwaka wa nzige. Nina mume na watoto wawili.

Mume wangu alikwenda kuwajengea Wajerumani boma kule Usumbura, akarudi na habari za kona tu. Nyumba yetu ya msonge hakuitaka tena. Alitaka ya pembe nne, yenye baraza kama za Waswahili wa huku ziwani. Nikamwambia mimi sipiki kwenye kona. Tukabishana siku nyingi, mwisho tukapatana: mbele pembe nne, nyuma jiko la mviringo, na mlango wa kupitia ndani. Wazo hilo lilikuwa langu, na majirani walikuja kulishangaa.

Udongo nilikanda mimi mpaka nyayo zikachubuka. Shida ilikuwa pale ukuta wa mviringo unapokutana na ule ulionyooka: pakikauka, panapasuka. Panataka kupakwa udongo wa kichuguu na majivu mara tatu. Nilikuwa nimepaka mara mbili mume wangu aliponiambia, "Pumuzika kwanza. Nenda Muhuta usalimie wazazi."

Nikaenda, mjinga mimi, nikimshukuru njia nzima.

Kwetu mwanamke anayewasha moto wa kwanza jikoni ndiye mwenye nyumba. Siku niliyorudi nikaona moshi unatoka kwenye paa langu. Ndani nikamkuta msichana nisiyemjua, mja mzito, anasonga ugali. Mama mkwe wangu yuko kando yake anachambua maharagwe!

"Mama, huyu ni nani?"

"Mwana wangu, usilete maneno. Nyumba iko kubwa."

Mume wangu hata haya hakuona. "Wewe ni bibi mukubwa, utakaa mbele na wageni. Huku nyuma kuko moshi tu."

Kumbe nilikuwa namjengea mke mwenzangu! Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo nilizifua mwenyewe. Nimeumia, jamani.

Sasa mvua zimekaribia, na pale kuta zinapokutana ufa umefunguka, mkono unapita. Jana msichana alikuja barazani akapiga magoti: "Dada, unisaidie kupaka. Mutoto atazaliwa mu maji."

Mchanganyiko ule naujua mimi peke yangu. Nikipaka, nimempa jiko langu kwa mikono yangu. Nisipopaka, ukuta ukimwangukia na kichanga chake, nitalala vipi? Udongo nimeshaukanda, uko mbele yangu unaanza kukauka. Semeni upesi, ndugu zangu: nipake au niache?