Eda ya Nassor

Mwaka ule Maskati tulikula papa mkavu mpaka jasho letu likanuka papa. Mchele ulikuwa wa wagonjwa. Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni kwa Seyyida, mwanamke wa ukoo wa Sultani wa Omani, nampondea papa wa mchana. Mamake alizaliwa Unguja, kwa hivyo tukizungumza Kiswahili. Sisi mapinduzi yalitutoa huko, na mume wangu Nassor, kazi hana, akaingia uaskari. Alikuwa vitani Dhofar, kusini.

Sultani hatukuwa tukimwona. Alikaa Salala, huko huko kusini, Maskati haji, mpaka watu wakanong'ona kuwa keshakufa. Seyyida akisikia huwaka.

"Damu yangu ile! Angekufa ningejua."

Mlango ukagongwa.

Askari, mwenzake Nassor. Hakukaa kitako.

Gari la kina Nassor limekanyaga bomu mlimani. Wa magari ya nyuma walikimbia. Hakuna aliyerudi kutazama.

"Ulimwona amekufa?"

"Niliona moto, dada."

"Nimekuuliza yeye, sikukuuliza moto."

Akaaga, akaenda zake.

Jioni wanawake walijaa, wameniletea nguo za eda, nikae ndani kama mjane. Seyyida mwenyewe akanishika mkono.

"Kaa, mwanangu. Usimtese marehemu."

"Eda sikai. Maiti yake sijaiona."

"Una kiburi, we!"

"Nnacho. Na wewe Sultani hujamwona miaka mingapi? Mbona humwekei matanga?"

Nikajua leo nafukuzwa. Seyyida akazikunja zile nguo, moja moja, akatoka nazo.

Mwaka wa sabini Sultani akapinduliwa, mwanawe akashika nchi. Mitaani ngoma na vigelegele. Kumbe yu hai miaka yote. Akapelekwa Ulaya, akafia huko. Seyyida alilia, hakupata kumuaga. Lakini damu yake haikumdanganya, na mie nikalishika hilo. Kila gari la askari likipita, nko mlangoni.

Nassor hakurudi. Wanawe watatu nimewalea kwa mikono hii, na leo nna wajukuu madaktari na nyumba mtaa wa Mabela, nani kama mie? Posa zilikuja, nikazirejesha: mke wa mtu haposwi. Ujana wangu ulikwenda hivyo, na sikupata wa kumlaza ubavuni wala kaburi la kusomea Yasini. Najua nilichokula.

Juzi mjukuu wangu kanikalia miguuni. "Bibi, babu keshakufa. Sema tu, upumzike."

"Eda sikai. Maiti yake sijaiona."