Mbwa Aliyeitwa Kadogo

Juzi mwanangu aliingia uani na mtoto wa mbwa ndani ya koti lake la shule, kichwa tu kikichungulia. Mwenzake alikuwa amempa, na kumwapia kwamba ni wa aina ndogo, hatazidi paka. Nilichuchumaa, nikaushika mguu mmoja wa mbele, nikaulaza kwenye kiganja changu na kuutazama kwa muda mrefu. Mwanangu akacheka.

"Mama, unamuangalia sawa vile mutu wa duane anapekua muzigo kwa mupaka!"

Acha acheke. Mtu aliyekulia kwenye ile nyumba yetu ya Murara, pale Goma, hawezi kuamini mtoto wa mbwa kwa kuambiwa tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, na ua wake wa mawe meusi ya volkano, yale yanayokula viatu vya watoto. Asubuhi ilinukia moshi wa makala, mkaa wa kupikia, na sombe, majani ya muhogo yanayotwangwa kwa jirani. Papa alikuwa shofere wa kamio, lori la mizigo. Alipakia maharage Rutshuru akayashusha Goma, na gunia moja lilibaki kwetu, nasi watoto tukakaa chini kuyachambua mawe, tukigombana nani amepata mengi. Jioni moja wakati wa kuchambua, papa aliingia amebeba katoni ya sabuni kifuani. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, analia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Muzungu mumoja anarudi kwao, ndiye alinipa," papa alisema. "Ni ya aina kadogo hii. Itabakia hivi hivi."

Akampa jina palepale: Kadogo.

Mama alifurahi, maana hakutaka mbwa wa kula sana. Lakini koko, mama yake mama, alikuwa amechunga ng'ombe Masisi ujana wake wote, na hakuamini mnyama kabla hajamshika mwenyewe. Aliweka ungo chini. Akaivuta ngozi ya shingo ya yule mbwa, ikanyanyuka kama nguo ya kuazima. Akazikunjua nyayo, moja baada ya nyingine.

"Hii ngozi iko kubwa kuliko mwenyewe," alisema. "Anakuja kuijaza."

Alipokuwa akisema hivyo hakumtazama mbwa. Alimtazama papa, na papa akaanza kutafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

Basi tukaanza kumpima. Mwanzoni Kadogo alijificha nyuma ya bidoni ya maji tusimwone. Halafu masikio yakaonekana juu yake, halafu kichwa kizima, mpaka siku moja akaipiga bidoni kwa bega bila kukusudia, akaimwaga yote, na mimi nikarudishwa ziwani kuchota. Kaka yangu alimsimamisha kwenye mlango na kuchora mstari kwa makala, na kila mstari mpya ulikaa juu ya ule wa zamani. Alikula ukoko wa bugali, akala vichwa vya sambaza, vile visamaki vya ziwani, akala ndala moja ya mama. Kila papa aliporudi safari, mama alimuuliza kwa sauti ya upole:

"Ni hii ndiyo ya aina kadogo?"

"Karibu inamaliza kukomaa," papa alijibu, akipuliza chai.

Huenda mambo yangeishia kwenye utani, kama si jirani yetu aliyeuza makala mbele ya lango. Alikuja mchana mmoja akidai anaomba chumvi. Akakaa, akamwangalia Kadogo aliyejilaza kivulini, akashusha sauti, lakini si sana.

"Mimi sipendi maneno ya watu. Lakini imbwa sawa hii niliiona Mugunga, ndani ya kiwanja, parsele ya mwanamuke mumoja. Na kamio ya bwana yako ilikuwa imesimama pale inje."

Mama alicheka, akamshukuru, akampa chumvi. Kisha akarudi kwenye kinu. Aliitwanga sombe siku ile mpaka ikawa kama tope, na hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha.

Tangu hapo nyumba yetu ilibadilika. Mama alinusa mashati ya papa kabla ya kuyaloweka. Alimuuliza swali leo, akaliuliza tena baada ya siku kupita, aone kama jibu ni lilelile. Hata mimi nilipekua begi lake kila aliporudi, nikiomba Mungu nisikute kitu, na nisipokuta kitu niliona amekificha vizuri. Papa wa watu alikuwa akituletea miwa, nasi tunakula tukimkodolea macho. Kadogo peke yake ndiye aliyempokea kama zamani, akimrukia kwa furaha, na kila mara akimfika juu zaidi.

Papa alipoondoka tena kwenda Rutshuru, mama alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani, akamfunga Kadogo kamba, akaniambia, "Twende." Dereva wa kwanza wa moto, pikipiki ya kubeba watu, alitutazama akazima injini.

"Mama, hiyo ni imbwa ao ni ndama? Mimi sibebi ile."

Wa pili alikataa bila hata kusimama. Tukaenda kwa miguu, barabara ya Sake mpaka Mugunga, watu wakitupisha, vumbi likitujaa midomoni. Mimi niliomba ile nyumba isipatikane.

Ilipatikana. Tulipofika mbele ya lango la bluu ambalo jirani alituelekeza, Kadogo alianza kutetemeka, na ndani kukatoka mbweko mzito uliotikisa mabati. Mwanamke alifungua. Alikuwa mdogo kuliko mama, amevaa nguo nyeusi. Nyuma yake alisimama mbwa wa rangi ya udongo, mgongo ukimfika kiunoni.

Mwanamke hakututazama sisi kwanza. "Mungu wangu," alisema. "Huyu ni Kadogo?"

Vidole vya mama vikanibana mkono. "Jina yake unaijulia wapi?"

"Si bwana yako ndiye aliniambia."

"Na wewe uko nani kwake?"

Yule mwanamke akaelewa. Niliona uso wake ukielewa. Akasogea, akatupisha ndani.

"Ule shofere mwenzake, mwenye walikuwa wanaendesha pamoja," alisema. "Alikuwa bwana yangu."

Yule shofere tulimjua. Alikuwa akila kwetu, akitupigia miluzi ya ndege. Papa alituambia amehamia Butembo kutafuta kazi nyingine.

"Si alienda Butembo?" mama aliuliza.

"Walimupiga risasi, mama. Kwa barabara ya Rutshuru. Bwana yako alikuwa karibu yake ndani ya kamio."

Mama alikaa juu ya jiwe na kitenge chake kizuri. Mwanamke akamletea maji. Kisha akatusimulia, taratibu, kwamba mumewe aliachiwa yule mbwa jike na muzungu aliyerudi kwao, kwamba jike alizaa baada ya maziko, na kwamba papa hupita kumsalimu akishuka safarini.

"Alichagua mwenye nyayo kubwa kuliko wote," alisema. "Aliniuliza, huyu atakuwa mukubwa namna gani? Nikamuonyesha mama yake. Akasema, ni vizuri, siku moja nisiporudi, wakuwe na kitu kwa mulango."

Tulirudi vilevile kwa miguu. Njiani mama alilia, akafuta uso, akalia tena.

Papa alirudi siku chache baadaye, jua likiwa bado juu. Mama alimpa kiti, akampa maji ya kunawa na kikombe cha chai, akasimama mbele yake.

"Kadogo amemaliza kukomaa?"

"Karibu."

"Bado," mama alisema. Akaweka mkono kiunoni pake. "Mama yake ananifika hapa."

Papa alishusha kikombe. Mikono ikaning'inia kati ya magoti, mtu mzima kama mtoto aliyekamatwa. Halafu akasema, "Ningekuambia, ungenizuia. Na wangekula nini hawa?"

"Tungekula kile tungepata. Lakini ningejua! Mimi nilikuwa nanusa mashati yako natafuta mwanamuke, na kumbe ni kifo."

Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti kama siku ile. Koko alituita sisi watoto, akatutoa nje.

Papa aliendesha mpaka mavuno yale yakaisha, kisha akapata kazi ya kusimamia upakiaji bandarini, hapa hapa Goma. Kadogo aliijaza ngozi yake yote. Akisimama aliweka miguu mabegani mwa papa, na wezi waliosumbua mtaa hawakulijaribu lango letu. Alikufa kwa uzee. Murara ni jiwe tupu, huwezi kuchimba. Papa alivunja kwa mtaimbo mpaka viganja vikatoka damu, na majirani wakaleta udongo kwa mabeseni, yule wa makala akiwa wa kwanza.

Nyumba ile haipo tena. Pamejengwa ghorofa, na mlango uliokuwa na mistari ya makala sijui uliishia jiko la nani. Koko ameondoka duniani, papa ameondoka.

Mama bado yupo, na mwanamke wa Mugunga ndiye rafiki yake mkubwa. Jumapili hukaa pamoja kwangu, wakinywa chai, wakiongea habari za waume zao na ile barabara. Wakati mwingine nawasikia wakicheka sana, lakini nikiingia wananyamaza.

"Munacheka nini?" nauliza.

"Mambo ya papa yako," mama anajibu.

Nikiuliza mambo gani, ananitazama, anageuka kumwongezea mwenzake chai. Na yule ambaye ningemwendea kumuuliza, ajifanye anatafuta viatu, hayupo.