Sauti Iliyofika Birongo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyojiudhi mwenyewe, na hasira yake haijanitoka mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa naendesha Landrova ya hospitali, yenye redio ya kuzungumza na Kisii mjini. Redio hiyo haikuwa na siri. Malori ya majani chai yalikuwa na redio kama yetu, na aliyeiwasha alitusikia. Mama Moraa, muuguzi niliyefanya naye kazi, alinionyesha mahali pa kusemea mambo ya wagonjwa: bondeni, kando ya mto, ambapo milima iliwazuia wengine huku Kisii wakitupata kupitia mwanya mmoja tu. Hata hapo sauti ilizama na kurudi. Ikizama nyamaza, aliniambia, ikirudi sema upesi.

Siku hiyo tulimbeba Nyakundi, kijana wa Birongo, aliyezidiwa na malaria. Akatufia njiani. Tulipofika bondeni Mama Moraa akashuka kwenda kuwaita baba wadogo wa kijana, wamtoe mama yake kwenye chai, wamketishe nyumbani, ndipo wamwambie. Kwetu habari kama hiyo haitupwi njiani. Mimi nikaachiwa kuwaarifu Kisii kuhusu kifo hicho.

Nikaita, sauti ikazama. Nikaita tena, ikazama tena. Jamani, nilichoka kukibembeleza chombo kile! Nikawasha gari nikapanda kilimani, na huko nikasikika vizuri sana. Nikalitaja jina la marehemu na kwao, mara mbili, polepole, kama mjinga.

Birongo, kwenye kituo cha kupimia majani chai, lori lilikuwa limesimama, redio wazi. Mama yake Nyakundi alikuwa kwenye foleni, kikapu mgongoni. Alilisikia jina la mwanawe likitoka ndani ya lori, mbele ya watu, kabla hajafika hata mmoja wa kumshika asianguke.

Nilitarajia Mama Moraa anitukane. Alirudi, akapanda garini, akafunga mlango.

“Ulitaka kusikika,” akasema. “Basi umesikika.”

Heri angenizaba kofi.

Sasa nakuona wewe na simu yako, stendi ya Keroka, spika wazi, ukipiga kelele mambo ya nyumba za watu, eti mtandao unasumbua. Unanikera, kwa sababu najiona mimi. Mwanangu, sauti ikizama, subiri. Kabla ya kuuliza kama unasikika, uliza ni nani mwingine anayesikia.

Mungu akulinde. Na siku habari yako ya uchungu itakapokuja, akujalie ikukute nyumbani, umeketi, na anayekuambia amekushika mkono.